Kibao cha Mlangoni na Jiwe Jeupe: Charles Handy na Swali la Mtu na Kazi Yake

Je, mtu na kazi yake ni kitu kimoja? Swali hili ni la zamani, katika falsafa na katika dini pia. Aristotle alipokuwa akitafuta maana ya maisha mema aliuliza: seremala ana kazi yake na mshona viatu ana yake, lakini binadamu, kwa kuwa ni binadamu tu, kazi yake ni ipi? Katika karne ya 16 Martin Luther akalijibu kwa upande wa imani. Wito wa Mungu, alifundisha, si wa mapadri na watawa peke yao. Mshona viatu naye ameitwa, na humtumikia Mungu palepale alipokaa na sindano yake. Mafundisho hayo yaliipa kazi ya mikono heshima ambayo haikuwa nayo. Yaliacha pia mzigo ambao haujatuliwa hadi leo: aliyeitwa mahali pamoja hutazamiwa abaki hapo. Mtu anayebadilisha kazi mara nne au tano huonekana, hata na wasiokanyaga kanisani, kuwa ni mtu asiyejijua.

Charles Handy, mwandishi na mshauri wa mambo ya uongozi aliyezaliwa Ireland mwaka 1932 na kufariki Desemba 2024 akiwa na miaka 92, aliishi na swali hilo kuliko wengi wa fani yake. Alikuwa ofisa wa kampuni ya mafuta, profesa wa biashara, mkuu wa nyumba ya majadiliano iliyo chini ya kanisa, mtoa tafakari redioni, kisha mwandishi asiye na mwajiri. Jibu lake halikuja kwa umbo la hoja za darasani. Limo katika namna alivyoyasimulia maisha yake, na namna hiyo ilikuwa ya ucheshi. Kitabu cha kumbukumbu zake, kilichotoka mwaka 2006, alikipa jina Myself and Other More Important Matters: mimi mwenyewe, na mambo mengine yaliyo muhimu zaidi. Katika jina hilo mtu amejitaja kwanza kisha akajishusha papo hapo, na falsafa yake yote imo humo.

Alizaliwa Kildare, katika nyumba ya kasisi. Baba yake alihudumia parokia moja ya mashambani ya Kanisa la Ireland, ambalo ni la Kianglikana, kwa takriban miaka 40. Kijana huyo alipoondoka nyumbani kwenda Chuo Kikuu cha Oxford, ambako alisoma falsafa, historia na lugha za Wagiriki na Warumi, alijiwekea nadhiri mbili: hatakuwa maskini tena, na hatakanyaga kanisani tena. Aliisimulia habari hiyo mara nyingi akiwa mzee, na kila mara kwa kujicheka, kwa sababu nadhiri ya pili ilikuja kumgeuka vibaya sana.

Ile ya kwanza ilimpeleka Shell. Alijiunga na kampuni hiyo mwaka 1956, akapelekwa Asia ya Kusini-Mashariki. Huko Sarawak, katika kisiwa cha Borneo, alipewa madaraka makubwa kwa umri wake na hakukuwa na simu ya kumuunganisha na wakubwa waliokuwa Singapore. Yeye aliliona hilo kuwa ndiyo shule yake bora: aliweza kukosea, kuligundua kosa na kulirekebisha kabla mkubwa yeyote hajasikia. Somo ambalo wataalamu wa uongozi hulijazia kurasa, yaani kwamba mtu hukua akiaminiwa na akipewa nafasi ya kuteleza, yeye alilitoa kwenye upungufu wa nyaya za simu.

Kisha akarudishwa makao makuu London, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ofisi yake ilikuwa na kibao mlangoni. Jina la cheo lilikuwa limekazwa kwa skrubu, la kudumu. Jina la mtu lilikuwa kipande kidogo kilichochomekwa chini yake, cha kuchomolewa siku yoyote. Barua za ndani hazikuandikwa kwa majina bali kwa alama za idara, alama moja ikiijibu nyingine. Handy alilirudia jambo hili katika vitabu vyake kwa namna ambayo msomaji hucheka kwanza, kisha hunyamaza. Kampuni haikuwa na nia mbaya. Mlango ulikuwa ukisema ukweli kuhusu mpango wake: cheo kipo, na mtu ni mpita njia.

Aliyelitamka neno lililomtoa pale ni mkewe, Elizabeth, ambaye walikutana Malaya na kuoana mwaka 1962. Alimuuliza kama anaionea fahari kazi yake. Akajibu kwamba si mbaya. Na watu anaofanya nao kazi? Si wabaya. Na kampuni yenyewe? Nayo si mbaya. Elizabeth akamwambia kwamba hana haja ya kuishi maisha yake na mtu anayetosheka na “si mbaya”. Handy mwenyewe ndiye aliyeyahifadhi mazungumzo haya, na ameyahifadhi yakiwa yanamwonyesha kama bwege. Jambo hilo si dogo. Waandishi wengi wa vitabu vya mafanikio hujipa mistari mizuri na kuwaachia wake zao shukrani za ukurasa wa mwanzo. Huyu alimwachia mkewe hoja yenyewe.

Baada ya masomo Marekani, katika shule ya biashara ya chuo cha MIT, alirudi London mwaka 1967 kuanzisha programu ya mameneja katika London Business School, na mwaka 1972 akawa profesa. Mama yake alipopewa habari za uprofesa aliuliza swali moja tu: je, sasa atapata muda zaidi wa kukaa na watoto wake? Kitabu chake cha kwanza kikubwa, Understanding Organizations, kilitoka mwaka 1976 na kwa muda mrefu kikawa kitabu cha kiada kwa wanafunzi wa uongozi. Kilichofuata, Gods of Management cha mwaka 1978, kinaonyesha vizuri zaidi alikuwa mtu wa aina gani. Badala ya kuzigawa taasisi kwa michoro, alizigawa kwa miungu ya Wagiriki. Zeus ni bosi mwanzilishi, ambaye neno lake ni sheria na ambaye marafiki zake ndio kamati. Apollo ni ofisi ya vyeo na fomu, kila kitu mahali pake. Athena ni kikundi cha wataalamu kinachotatua jambo kisha kinavunjika. Dionysus ni daktari bingwa, wakili au profesa ambaye anaona taasisi ipo ili imhudumie yeye. Meneja aliyesoma kitabu hicho alijikuta anamtambua mkurugenzi wake, na akicheka alikuwa ameshaelewa nusu ya nadharia. Lakini kuna jambo la ndani zaidi katika utani huo. Ukishasema kwamba ofisi ina mungu wake, umekiri kwamba watu wanaabudu pale, na swali la kama mungu huyo anastahili linakuwa halikwepeki.

Katika miaka hiyo baba yake alifariki. Handy alikuwa Paris kwenye mkutano alipopata habari kwamba yu mahututi. Siku zote alikuwa amemwona baba yake kama mtu aliyeridhika na kidogo: parokia ileile ya shamba, makanisa makubwa ya mjini aliyoyakataa, miaka 40 bila kupanda. Kwenye mazishi akawakuta mamia ya watu waliotoka pande mbalimbali, ambao kasisi huyo alikuwa amewabatiza, amewafungisha ndoa au amekaa nao wakati wa shida. Profesa akajiuliza, akiwa amesimama pale, ni wangapi watakaokuja kwenye mazishi yake, na ni nani kati yao atakayetokwa na machozi.

Hapa simulizi ingeweza kuishia kwenye wongofu, na kwa muda ilielekea huko: alifikiri kuwa kasisi. Maaskofu aliowaendea walimwambia, kwa adabu, kwamba kanisa litanufaika naye zaidi akibaki profesa wa biashara. Hata hivyo mwaka 1977 alipewa uongozi wa St George's House, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1966 ndani ya ngome ya Windsor ili wakuu wa kanisa, serikali, biashara na vyama vya wafanyakazi wakutane na kujadili haki, kazi na maadili. Aliishi ndani ya ngome hadi mwaka 1981, hatua chache tu kutoka kanisa la kifalme ambamo ibada hufanyika kila siku. Ile nadhiri ya pili ikaishia hapo.

Jambo lililomgusa kwa baba yake halikuwa kwamba kukaa mahali pamoja ni bora kuliko kuhama. Kama lingekuwa hilo, angalitulia. Aligundua kwamba alikuwa amempima mzee wake kwa kibao cha mlangoni, wakati waliokuja kumzika walikuwa wamempima kwa kitu kingine. Kasisi wa Kildare alikuwa na cheo kimoja maisha yake yote, na bado hakuwa cheo hicho. Mwanawe akawa na vyeo vingi, na tatizo lake likabaki lilelile. Kwa hiyo mjadala wa kama ni afadhali kazi moja au nyingi, ambao walimu wa maadili huupenda, ulikuwa mjadala wa pembeni.

Mwaka 1981, akiwa karibu na miaka 50, aliacha ajira. Alitabiri katika The Future of Work (1984) na kwa kirefu zaidi katika The Age of Unreason (1989) kwamba wengi watamfuata, kwa kupenda au kwa kusukumwa. Hesabu yake ilikuwa rahisi na ya kukumbukika. Kizazi chake kilitarajiwa kufanya kazi saa 47 kwa wiki, wiki 47 kwa mwaka, kwa miaka 47, ambayo ni zaidi kidogo ya saa 100,000. Kizazi kinachofuata kingefanya 37 mara 37 mara 37, yaani kama saa 50,000, nusu yake tu. Mtu atafanya nini na nusu iliyobaki? Jibu lake ni kile alichokiita mkoba wa kazi: mtu kubeba kazi za aina kadhaa kwa pamoja. Ipo kazi ya mshahara, anayolipwa kwa muda wake. Kazi ya malipo, anayolipwa kwa kitu alichokimaliza. Kazi ya nyumbani. Kazi ya kujitolea. Na kazi ya kusoma. Yeye na Elizabeth, aliyekuwa mpiga picha za watu, waliugawa mwaka nusu kwa nusu: miezi sita kazi ya mmoja ndiyo inayotangulia na mwingine anamsaidia, miezi sita kinyume chake. Walipokuwa mashambani Norfolk mmoja alipika, walipokuwa mjini London alipika mwingine.

Orodha hiyo ya kazi tano inaonekana ya kawaida, lakini kifalsafa inabomoa ukuta mmoja. Kupika, kulea mgonjwa na kusoma kumewekwa kwenye mstari mmoja na kazi ya mshahara, na jina la kazi limeondolewa mikononi mwa mwajiri. Wanawake wengi wa kila nchi hawakuhitaji profesa kuwaambia hivyo, ila wakurugenzi walimhitaji.

Udhaifu wake upo palepale. Mkoba aliousifia Handy ni wa mtu mwenye shahada ya Oxford, nyumba, jina linalojulikana na mialiko ya kuhutubia. Mwalimu wa Morogoro anayefundisha asubuhi, anayefuga kuku uani na kukodisha bodaboda jioni naye ana mkoba, na hakuuchagua. Mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Afrika Mashariki ilikuwa na watu wa mkoba kabla nadharia haijaandikwa, na hakuna aliyewaita watabiri. Handy alikuwa mwaminifu kiasi cha kukiri kwamba uhuru wa aina hii una baridi yake, na kwamba wengi watausikia kama kufukuzwa. Lakini ukurasa wake kuhusu wanaosukumwa ni mfupi kuliko ule wa wanaochagua, na msomaji wa huku ana haki ya kuudai urefu uliopungua.

Kitabu cha mwaka 1994, The Empty Raincoat, kilijibu sehemu ya deni hilo. Jina lake linatokana na sanamu ya Judith Shea iliyo katika bustani ya sanamu ya Minneapolis, Marekani: koti la mvua la shaba, limesimama wima, ndani hamna mtu. Handy aliiona akatambua mlango wake wa zamani wa London. Uchumi uliofanikiwa, aliandika, unaweza kuzalisha makoti yaliyosimama vizuri bila watu ndani yake. Katika kitabu hichohicho ndimo ilimo hadithi yake inayosimuliwa zaidi. Msafiri katika milima ya Wicklow anauliza njia ya Avoca. Mwenyeji anamwelekeza: nenda moja kwa moja, panda kilima, shuka, utaona daraja na ng'ambo yake baa ya Davy, huwezi kuikosa. Umeshika? Msafiri anasema ameshika. Basi, anaendelea mwenyeji, nusu maili kabla hujafika hapo, pinda kulia.

Alipoisimulia, wasikilizaji walicheka, kisha Handy akawaeleza kwamba ndivyo maisha yanavyoelekeza. Kazi, taasisi na ndoa hupanda kabla ya kushuka, na wakati wa kuanza mwanzo mpya ni pale mambo bado yanapanda, ambapo hakuna dalili hata moja inayosema pinda. Anayeiona baa ameshachelewa. Hadithi hii isingefanya kazi bila kichekesho chake, kwa sababu msikilizaji huanguka katika kosa lenyewe: naye ameshafika darajani kichwani mwake anapoambiwa arudi.

Ucheshi wa namna hii una wazee wake. Aristotle aliuhesabu wepesi wa mzaha kuwa fadhila, katikati ya mtu anayechekesha kila kitu na mtu asiyecheka kitu chochote. Søren Kierkegaard alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu kikubwa alichokitoa mwaka 1846 kwa jina la bandia la Johannes Climacus, aliuweka ucheshi mpakani, kati ya maisha ya wajibu na maisha ya imani. Mcheshi kwake ni mtu aliyekwisha kuona kwamba juhudi zote za binadamu, hata zile njema, ni ndogo mbele ya umilele, naye haoni haja ya kulia kwa ajili hiyo. Bado hajaamini, ila ameacha kujiamini kupita kiasi. Maelezo hayo yanamfaa Handy kuliko lebo ya mtaalamu wa uongozi. Kwa miaka mingi alitoa tafakari fupi za asubuhi katika redio ya BBC, kipindi cha Thought for the Day, ambacho huwaalika watu wa imani kusema neno juu ya habari za siku. Baadhi yake zilikusanywa mwaka 1991 katika Waiting for the Mountain to Move. Humo anazungumza kama mtu aliyesimama kizingitini: anapenda ibada, anawaheshimu wanaosali, na mafundisho mengi anayapitia kwa tahadhari.

Ni vizuri kumtofautisha na wacheshi wengine wa ofisi. C. Northcote Parkinson alitangaza mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka hadi ijaze muda iliopewa. Laurence J. Peter na Raymond Hull walisema mwaka 1969 kwamba kila mtu hupandishwa cheo hadi afike asipoweza. Vichekesho hivyo ni vikali na vya kweli, lakini anayechekwa ni mwenzetu. Msomaji hutoka salama. Katika vitabu vya Handy anayechekwa kwanza ni mwandishi. Kwa kuwa amekwisha kujivua cheo mbele ya watu, msomaji naye hulegeza chake kidogo, na hapo swali la yeye ni nani huweza kuulizwa bila kutisha.

Swali hilo alilipa umbo la jiwe. Juu ya meza yake aliweka jiwe dogo jeupe, kwa kukumbuka Ufunuo wa Yohana 2:17, ambapo anayeshinda anaahidiwa jiwe jeupe lenye jina jipya alijualo yule tu anayelipokea. Elizabeth alikuwa na mtindo wa kuwaomba watu wachague vitu vitano na ua moja vinavyowaeleza, kisha akavipiga picha kama angepiga uso. Jiwe lilikuwa miongoni mwa vitu vya mumewe. Katika The Hungry Spirit (1997) Handy alieleza kwamba anaichukulia aya hiyo hivi: jina halisi la mtu halichaguliwi mwanzoni na halitolewi na mwajiri. Hujulikana mwishoni, baada ya kujaribu. Kazi mbalimbali ni majaribio ya kulisoma, na zile zisizofaa nazo hufundisha kitu, kwa kuwa huondoa majina yasiyo yake.

Mtheolojia mkali anaweza kupinga. Katika Ufunuo jina hutolewa na mwingine. Katika Handy linaelekea kugunduliwa na mwenyewe, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha imani na kujitafuta. Pingamizi hilo ni la haki. Handy alijaribu kulikinga kwa kusema kwamba mtu hujipata akiwa anashughulikia kitu kilicho kikubwa kuliko yeye, na akaita hali hiyo ubinafsi ulio halali. Jibu hilo halimalizi ubishi. Linatosha tu kuonyesha kwamba alijua hatari ilipo, na mazishi ya Kildare yalikuwa yamemwonyesha.

Elizabeth alifariki katika ajali ya gari mwaka 2018. Mwaka uliofuata Handy alipata kiharusi, akalazimika kujifunza upya mambo ambayo mtoto huyajua. Mwaka huohuo kilikuwa kimetoka 21 Letters on Life and Its Challenges, barua kwa wajukuu zake. Aliendelea kuandika makala, baadhi yake katika The Idler, jarida la Uingereza linalotetea uvivu, makao ya kufaa kabisa kwa mtu aliyeandika maisha yake yote kuhusu kazi. Anayetaka kumfahamu na aanze na Myself and Other More Important Matters. Vitabu vya uongozi vinaweza kusubiri.